Saratani ya ini: Kwa nini humrudia mmoja na kumwacha mwingine baada ya upasuaji?



Wiki hii tunajibu swali la msomaji wetu wa Kisaki, mkoani Morogoro. Anaeleza kwamba mjomba wake, ambaye ndiye aliyemlea, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya ini katika hospitali kubwa jijini Dar es Salaam. Uvimbe ulitolewa wote, kidonda kikapona, mzee akarudi nyumbani na kuanza tena kwenda shambani. Baada ya mwaka mmoja na miezi michache, picha zikaonyesha uvimbe mwingine. Lakini rafiki yake waliyelazwa naye wodi moja, akapasuliwa mwezi huohuo, hadi leo hajambo.

Msomaji wetu anauliza: "Je, mjomba alipasuliwa vibaya? Hapa kijijini wengine wanasema kisu ndicho kilichoisambaza saratani, wengine wanasema amerogwa. Na sisi tuliobaki nyumbani, tufanye nini?"

Hili ni swali zito, na jibu lake linawahusu wengi. Tutaanza na ini lenyewe, kisha tutaingia ndani ya uvimbe kuona kilichoandikwa humo, na mwisho tutarudi kwenye ghala la mahindi na kwenye wembe wa nyumbani.

Upasuaji unaondoa nini?

Ini ni kiungo cha ajabu. Ini lenye afya linaweza kukatwa zaidi ya nusu na sehemu iliyobaki ikakua tena na kufanya kazi yake. Kwa sababu hiyo madaktari huweza kuondoa kipande chenye uvimbe na mgonjwa akaendelea kuishi. Hata hivyo, si kila mgonjwa anafaa kupasuliwa. Ini likiwa limekwisha kusinyaa na kujaa makovu, kipande kitakachobaki huenda kisitoshe. Aidha, uvimbe ukiwa umeingia kwenye mishipa mikubwa ya damu au umetapakaa sehemu nyingi, kisu hakina msaada.

Hapa kwetu Afrika wengi hawafiki katika hatua hiyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya wagonjwa wa nchi kadhaa za Afrika, ulionyesha kwamba nje ya Misri umri wa kati wa wagonjwa wa saratani ya ini ulikuwa miaka 46, na nusu yao walifariki ndani ya miezi miwili na nusu tangu ugonjwa ugundulike. Sababu kubwa ni kuchelewa. Kwa hiyo mjomba wa msomaji wetu, kwa kule kuwahi tu kupasuliwa, alipata nafasi ambayo wengi hawakuipata.

Lakini kupasuliwa si mwisho wa habari. Duniani kote, kwa wagonjwa wapatao 70 katika kila 100 waliopasuliwa saratani ya ini, ugonjwa hurudi ndani ya miaka mitano, hata katika hospitali zenye mafundi hodari. Basi jambo la kwanza la kumwambia msomaji wetu ni hili: kurudi kwa ugonjwa peke yake si ushahidi kwamba daktari alikosea.

Ugonjwa hurudi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni pale chembe chache za saratani zilipokuwa zimekwishatoroka kabla ya upasuaji, zikajificha ndani ya ini au kwenye mishipa midogo ambayo picha haiioni. Hizi huibuka mapema, kwa kawaida ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kisu hakikuzisambaza, zilikwishaondoka siku nyingi. Njia ya pili ni pale ini lililobaki linapootesha saratani mpya kabisa, kwa sababu kilichosababisha ile ya kwanza bado kipo. Hiyo hutokea zaidi baada ya miaka miwili. Ni sawa na mkulima aliyeng'oa mti mbaya shambani: huenda mbegu zake zilikwishadondoka, au ardhi yenyewe bado ina mizizi.

Sasa, kwa nini uvimbe wa mtu mmoja hutorosha chembe mapema na wa mwingine hutulia?

Maandishi ndani ya uvimbe

Kila chembe hai ya mwili wetu imebeba maagizo yanayoitwa vinasaba, na kila agizo moja huitwa jeni. Maagizo haya yameandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, C, G na T. Herufi tatu tatu hufanya neno moja. Kama ilivyo katika lugha yetu, herufi moja ikibadilika, maana hugeuka: "pata" si sawa na "kata". Mabadiliko ya namna hiyo yakitokea katika jeni muhimu, chembe huanza kukiuka mipaka yake. Mabadiliko haya hayatokani na kurogwa, na mara nyingi mtu hazaliwi nayo. Hutokea ndani ya ini lake mwenyewe, katika miaka mingi ya kuumizwa kidogo kidogo.

Miongoni mwa jeni hizo ipo moja maarufu iitwayo p53. Iligunduliwa mwaka 1979, na mwaka 1992 mwanasayansi wa Uingereza, David Lane, aliipa jina la mlinzi wa vinasaba. Watu wa Kisaki wataielewa kazi yake kwa urahisi, kwa sababu wanajua maana ya kukesha kwenye dungu wakati mpunga au mahindi yanapokomaa, kulinda nguruwe na tembo wasiingie shambani. Kazi ya p53 ni hiyo. Chembe ikipata kasoro, p53 huisimamisha isizaliane mpaka irekebishwe, na ikishindikana huiamuru ife. Mlinzi akilala, chembe mbovu huzaliana, na kila inapozaliana hukusanya kasoro nyingine juu ya ile ya kwanza.

Ndiyo maana katika tafiti nyingi za wagonjwa waliopasuliwa saratani ya ini, wale ambao uvimbe wao ulikuwa na p53 iliyoharibika walielekea kurudiwa mapema na kuishi muda mfupi zaidi. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hukua kwa kasi, chembe zake hupoteza sura ya chembe za ini, na hupenya haraka kwenye mishipa midogo ya damu.

Zipo pia kasoro za jeni nyingine. Inayoonekana mara nyingi kuliko zote katika saratani ya ini ni ya jeni iitwayo TERT, ambayo huipa chembe uwezo wa kuzaliana bila kuchoka. Nyingine ni ya jeni ya CTNNB1. Uvimbe wenye kasoro hii ya mwisho mara nyingi hufanana zaidi na ini la kawaida, na katika baadhi ya tafiti wagonjwa wake waliendelea vizuri zaidi baada ya upasuaji. Hivyo basi, watu wawili wanaweza kulazwa wodi moja, wakapewa jina moja la ugonjwa, wakapasuliwa kwa ustadi uleule, kumbe ndani ya miili yao ni maradhi mawili yenye tabia tofauti.

Hata hivyo tusizidishe. Jeni ni shahidi mmoja, si hakimu. Ukubwa wa uvimbe, idadi yake, kama umegusa mishipa ya damu, kiasi cha makovu kwenye ini na kiwango cha protini iitwayo AFP katika damu, vyote hivyo vina uzito mkubwa. Hadi leo madaktari hutumia mambo hayo kuamua nani apasuliwe. Kipimo cha jeni za uvimbe bado hakijawa kigezo cha kawaida cha uamuzi huo. Wala haijapatikana dawa iliyothibitishwa ya kuirekebisha p53 kwa wagonjwa wa saratani ya ini. Kwa hiyo akitokea mtu kuwashawishi muuze shamba ili kumpima mgonjwa jeni nje ya nchi, muulizeni kwanza daktari anayemtibu kipimo hicho kitabadilisha tiba gani. Kama hakibadilishi kitu, fedha hizo zitumieni katika nauli, dawa na picha za ufuatiliaji.

Alama ya mahindi yaliyooza

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila nyumba inapaswa kulijua.

Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likichunguza saratani za ini kutoka Qidong, China, na jingine kutoka kusini mwa Afrika, yalichapisha matokeo yanayofanana. Katika uvimbe mwingi waliouchunguza, jeni ya p53 ilikuwa imeharibika mahali palepale: neno la 249, herufi ya tatu, ambapo G ilikuwa imegeuka kuwa T. Katika wagonjwa 16 wa Qidong, wanane walikuwa na kasoro mahali hapo hapo. Jeni hii ina maneno 393. Kwa nini uharibifu urudie herufi moja katika watu wasiojuana?

Jibu ni sumukuvu, hasa ile iitwayo aflatoksini. Ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Iligunduliwa baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula cha karanga zilizoota kuvu. Sumu hii ikiingia mwilini, ini huibadilisha katika juhudi za kuitoa, na katika kubadilishwa huko hupata makali na kunasa kwenye herufi G. Ndiyo maana alama yake hujulikana, kama fisi anavyojulikana kwa nyayo zake.

Sumu hii ina mwenzake, nayo ni homa ya ini aina ya B. Kirusi hiki huishi kwenye ini miaka mingi bila mtu kuhisi chochote. Chembe za ini hufa na kuzaliwa upya bila kupumzika, na katika haraka hiyo kosa lililoandikwa na sumu hunakiliwa kabla ya kusahihishwa. Utafiti uliofanywa Shanghai kwa wanaume zaidi ya 18,000 ulionyesha jinsi wawili hawa wanavyosaidiana. Aliyekula sumukuvu peke yake alikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara tatu kuliko mtu wa kawaida. Mwenye kirusi cha B peke yake, zaidi ya mara saba. Aliyekuwa na vyote viwili, karibu mara 60.

Mambo haya si ya China peke yake. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafariki. Hapa Tanzania mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafariki. Hao walikula sumu nyingi kwa mara moja. Sumu kidogo kidogo ya kila siku haiui papo hapo. Huandika tu herufi yake na kungoja.

Hatuwezi kusema uvimbe wa mjomba wa msomaji wetu una alama hii bila kuupima. Lakini Kisaki ni bonde lenye joto na unyevu, na mahindi hayakauki vyema mvua zinapochelewa kukatika. Tahadhari haihitaji kungoja kipimo.

Kwa mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa

Kwanza, apimwe homa ya ini aina ya B kama hajapimwa. Akiwa nayo, apewe dawa za kukizuia kirusi, kama tenofovir, na azimeze kila siku bila kuruka. Imethibitika kwamba dawa hizi hupunguza kurudi kwa saratani baada ya upasuaji na kurefusha maisha. Hazirekebishi jeni iliyokwisha kuharibika, lakini huituliza ardhi iliyobaki. Asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri, kwani kuacha ghafla huweza kuliamsha kirusi kwa nguvu.

Pili, arudi kupimwa. Katika miaka miwili ya mwanzo madaktari wengi humtaka mgonjwa afanyiwe picha na kipimo cha AFP kila baada ya miezi mitatu au minne, kisha kila miezi sita. Tunajua kutoka Kisaki hadi Dar es Salaam si safari ndogo, na hata kufika Morogoro mjini kuna gharama yake. Mwombeni daktari awaeleze vipimo vipi, kama ultrasaundi, vinaweza kufanyika Morogoro na vipi ni lazima Dar es Salaam. Ugonjwa uliorudi ukigunduliwa ukiwa mdogo, huweza kupasuliwa tena au kuchomwa kwa sindano maalumu ya joto. Ukigunduliwa tumbo limekwisha kujaa maji, nafasi hiyo imepita.

Tatu, aepuke dawa za miti shamba zisizojulikana. Ini lililokatwa halina nguvu ya kupambana na kila kinachochemshwa. Dua na subira vina nafasi yake, wala havipingani na kumeza dawa na kwenda kliniki.

Kuhusu sindano mpya za kuzuia saratani isirudi, mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mkubwa wa dawa mbili zilizotolewa kwa pamoja baada ya upasuaji. Mwanzoni zilionekana kuchelewesha ugonjwa, lakini ufuatiliaji uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha faida hiyo haikudumu. Msijilaumu, basi, kwa kukosa fedha za dawa hizo.

Kwa waliobaki nyumbani

Msomaji wetu ametaja mjomba, na hapa pana jambo la kutazama kwa makini. Mjomba na mama wamezaliwa na mama mmoja. Njia kubwa ya kuambukizwa kirusi cha B ni kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na kati ya watoto wadogo wanaokua pamoja. Mtoto mchanga akiambukizwa, kirusi hubaki mwilini kwa watoto wapatao 90 katika kila 100, wakati kwa watu wazima hubaki kwa wasiozidi watano. Kwa hiyo, ikiwa mjomba ana kirusi hiki, mama yako na ndugu zake wote wapimwe, na wewe pia upimwe. Ni kipimo kidogo cha damu.

Anayekutwa nacho asinyanyapaliwe. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula sinia moja, kupeana mikono, wala kusimama safu moja msikitini. Huambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili, ikiwamo tendo la ndoa. Asiye nacho apate chanjo. Mtu mzima huchomwa mara tatu ndani ya miezi sita. Tanzania iliingiza chanjo hii katika chanjo za watoto mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga. Mama mjamzito naye apimwe mapema, ili mtoto akingwe. Taiwan ilianza mpango wake wa kuwachanja watoto mwaka 1984, na haikupita miaka mingi saratani ya ini kwa watoto wake ikapungua kwa karibu nusu.

Kirusi hiki huweza kuishi nje ya mwili, kwenye tone la damu lililokauka, kwa siku saba au zaidi. Basi tuwe makini na wembe. Katika tohara, kila mtoto awe na wembe wake mpya. Katika hijama, vifaa vya kuchanja visirudiwe kwa mtu mwingine, hata vikisuuzwa kwa maji ya moto. Mashine ya kunyolea na mswaki visiazimanwe. Wanaoosha maiti wavae glovu.

Ama kuhusu chakula, fanyeni haya:

Vuneni mahindi yaliyokomaa na msiyarundike chini. Anikeni juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu.

Kabla ya kuhifadhi, pimeni ukavu kwa chumvi. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu, tieni kikombe cha mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikiseni vizuri, kisha subirini robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudisheni juani.

Chambueni punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa au zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi. Fanyeni vivyo hivyo kwa karanga, hata zile za kutia kwenye uji wa futari na mboga. Karanga chungu itemeni.

Msitegemee moto. Aflatoksini haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga. Kukoboa husaidia, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Mahindi mkiyatilia shaka msiyasage dona, wala pumba zake msiwape mifugo.

Punje mbovu msiwape kuku wala ng'ombe mkidhani mmeokoa hasara. Sumu hupita ikaingia kwenye maziwa, nayo maziwa hunywewa na mtoto. Zichimbieni.

Ndugu msomaji, mjomba hakurogwa, na pengine aliyempasua alifanya kazi yake vyema. Katika uvimbe wake huenda iliandikwa herufi ambayo kisu hakiwezi kuifuta. Herufi ya namna hiyo huchukua miaka kuandikwa, na inaweza kuwa inaandikwa sasa hivi katika ini la mtoto anayekula uji wa mahindi yaliyoota kuvu. Hapo ndipo familia nzima ina uwezo ambao hospitali haina. Mpelekeni mzee kliniki kwa tarehe yake, pimeni damu zenu, kisha kaeni pamoja mchambue mahindi.

Tunamwombea mjomba wetu wa Kisaki na wagonjwa wote shifaa. Wabillahi tawfiq.